Mzigo wa GMO kuvuka mpaka: mambo ya kumaliza kabla hujasaini mkataba

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, "eti kule GMO inaruhusiwa?" na kila mara nabaki natafuta pa kuanzia, manake swali lenyewe limekaa upande. Hakuna nchi inayoruhusu GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, kwa jumla jumla hivo. Kinachoruhusiwa ni jeni fulani iliyopachikwa kwenye zao fulani, kwa matumizi fulani, mara nyingi kwa muda fulani, na ukitoka nje ya huo mstari hata kidogo umeshavunja sheria, hata kama mwenzako kwenye meli hiyohiyo kapita bila kuguswa. Nimekaa miaka kwenye makaratasi ya nafaka na mizigo mingi niliyoona imekwama ilikwama kwa sababu mtu alianza kuuliza maswali meli ikiwa imeshang'oa nanga. Hatua sita za kwanza hapa chini ni za kufanya ukiwa bado umekaa na kalamu mkononi hujasaini kitu.

Hatua ya 1: angalia kama mzigo wako uko hai

Usicheke, ndo swali la kwanza kweli. Sheria kubwa ya kimataifa kwenye mambo haya ni Itifaki ya Cartagena ya Usalama wa Bayoteknolojia. Mazungumzo yake yalikwama Cartagena, Kolombia, Februari 1999, yakaja kumalizikia Montreal Januari 2000, ila jina likabaki la mji yalikokwama. Ilianza kufanya kazi 11 Septemba 2003 na sasa ina wanachama zaidi ya 170. Sasa hii itifaki haihangaiki na kila kitu chenye GMO, inahangaika na viumbe hai tu, wenyewe wanaita LMO, yaani kitu ambacho bado kina uwezo wa kuzaliana au kurithisha jeni zake.

Kwa hiyo punje ya soya iko hai. Unga wa soya umekufa, na mafuta ndo kabisa. Mahindi uliyonunua kwa ajili ya chakula cha kuku, ambayo hakuna mtu yeyote ana mpango wa kuyapanda, nayo yako hai, na hapa ndo wengi wanateleza kwa sababu kichwani mwao "mbegu" ni kile kilichoandikwa mbegu kwenye mfuko. Ukitaka kujiridhisha, chukua punje 20, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto siku nne tano halafu fungua uone. Kikitoka kimzizi cheupe hata kwenye punje moja, una LMO mkononi. Hicho si kipimo cha serikali, ni cha kukutoa wewe usingizini.

Ukishajua iko hai, iweke kwenye kapu mojawapo kati ya matatu: ya kwenda kupandwa au kuachiwa kwenye mazingira, ya kula au kulisha mifugo au kusindika, na ya kufungiwa ndani ya maabara au nyumba ya utafiti. Kila kapu lina njia yake na makaratasi yake, na kubadilisha kapu katikati ya safari ni kosa kubwa kuliko unavyodhani. Dawa za binadamu zenye mikataba yake mingine ya kimataifa haziko humu.

Na kama mzigo umekufa usishangilie. Itifaki ikikuachia, sheria ya chakula ya nchi unayopeleka inakudaka mlangoni. Umoja wa Ulaya kwa mfano wanataka mafuta ya soya ya GMO yawe na lebo hata kama maabara haioni DNA yoyote ndani, wao wanaangalia yametoka wapi.

Hatua ya 2: tafuta jina kamili la iventi

Wanasayansi wanapopachika jeni kwenye seli ya mmea, kila jaribio lililofanikiwa linaitwa iventi. Mahindi mawili yanaweza kuwa na kazi ileile, kuua viwavi, yote yanaitwa Bt sokoni, lakini ni iventi mbili tofauti zenye mafaili mawili tofauti, moja ina kibali na nyingine haina. Ndo maana muuzaji akikwambia "ni Bt ya kawaida tu" hajakwambia kitu.

Unachotaka ni kodi, siyo ile ya serikali, nasema namba ya utambulisho wa iventi ("code"). OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi tajiri, waliweka mfumo wa kodi yenye herufi na namba tisa, kwa mfano yale mahindi maarufu ya MON810 kodi yake ni MON-ØØ81Ø-6. Mwanzo ni kampuni, katikati ni iventi, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba hujakosea kuandika. Ziangalie hizo sifuri, zimechorwa mstari katikati ili zisichanganywe na herufi O. Nimeshaona invoisi mtu kaandika O za kawaida, ofisa akaingiza kwenye kompyuta vilevile kama zilivyo, ikaja "haipo", mzigo ukakaa pembeni siku mbili kwa ajili ya kijistari. Kopi na kupesti, usiandike kwa mkono.

Angalia pia kama mbegu ni ya mchanganyiko, yaani iventi mbili au tatu zilizounganishwa kwa kuzalisha mimea kwa njia ya kawaida, moja ya kuvumilia dawa ya magugu, nyingine ya wadudu. Kuna nchi zinasema iventi zikishapitishwa moja moja basi mchanganyiko wake umepita. Umoja wa Ulaya wanauhesabu mchanganyiko kama kitu kipya chenye ombi lake. Kwa hiyo unaweza ukawa na iventi tatu zote zina kibali na mzigo wako hauna kibali, ndo dunia hiyo.

Kodi unaipata kwa aliyeuza mbegu kwa mkulima. Kama nafaka imetoka kwa wakulima mia tano na imechanganywa kwenye ghala moja, huna kodi moja, una orodha ya iventi zote zinazolimwa eneo hilo, na hiyo orodha ndo utaibeba kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: linganisha orodha yako na nchi unayopeleka (hapa usiwe na haraka)

Ingia kwenye BCH, ule mtandao wa kubadilishana taarifa ulioanzishwa na Itifaki, ni bure. Tafuta nchi, halafu tafuta kodi yako. Unasoma mambo manne.

La kwanza, nchi ni mwanachama wa Itifaki au siyo. Na hapa kuna kichekesho kidogo, baadhi ya wauzaji wakubwa kabisa wa nafaka za GMO duniani, Marekani, Kanada, Argentina, pamoja na Australia, si wanachama. Brazil ni mwanachama, China ni mwanachama, Umoja wa Ulaya na Japani pia. Ukiwa unanunua kutoka nchi isiyo mwanachama kupeleka nchi mwanachama usijidanganye kwamba sheria haikuhusu, Itifaki inasema biashara na wasio wanachama lazima iendane na malengo yake, na kikubwa zaidi ni kwamba nchi inayopokea itatumia sheria yake ya ndani kwa kila anayebisha hodi.

La pili, kibali ni cha matumizi gani. Kupita kwa chakula cha mifugo hakumaanishi kupita kwa binadamu. Marekani walijifunza hili mwaka 2000 na mahindi ya StarLink, yalipitishwa kwa mifugo peke yake, yakaja kukutwa madukani kwenye "taco", ile mikate mikavu ya mahindi ya Kimeksiko, bidhaa zikarudishwa kwa wingi na wanunuzi wa nje wakaanza kupima kila shehena. Tangu hapo mtu akiniambia "ya mifugo haitachanganyika" huwa namwangalia tu.

La tatu, kibali kinaisha lini. Ulaya kibali ni cha miaka 10 kisha kinaombwa upya. Usisome tarehe ya kutolewa ukaridhika.

La nne ndo linaloua biashara. Vibali havitoki siku moja dunia nzima. Iventi inapita nchi inayolima leo, nchi inayonunua bado inasoma faili, na hapo katikati wakulima wameshapanda. Mfano unaojulikana ni mahindi ya MIR162 ya kampuni ya Syngenta. Marekani yalipita mwaka 2010, wakulima wakaanza kuyapanda 2011, China ilikuwa bado haijayapitisha, na Novemba 2013 China ikaanza kukataa meli. Kibali cha China kilikuja Desemba 2014, mwaka mmoja baadaye tu, lakini kesi za wakulima Marekani ziliisha kwa makubaliano ya dola bilioni 1.51 yaliyoidhinishwa 2018. Hebu fikiria, hakuna aliyesema mahindi yale ni sumu, ugomvi wote ulikuwa wa kalenda.

Waargentina wakawa wajanja kwenye ngano yao ya HB4 inayovumilia ukame. Waliipitisha 2020 ila kwa sharti kwamba haitauzwa mpaka Brazil, mnunuzi wao mkubwa, akubali. Brazil ikakubali unga wake Novemba 2021, na Mei 2022 Argentina ikafungua mlango. Huo ndo mpangilio wa kuiga hata wewe mwenye kontena moja: mnunuzi kwanza.

BCH si kamilifu, kuna nchi zinachelewa kuweka taarifa, kwa hiyo ukishasoma mwandikie pia mamlaka husika ya nchi hiyo, jina na anwani yao ziko humohumo BCH. Uliza swali fupi la kujibika: kodi hii, kwa matumizi haya, inaruhusiwa kuingia tarehe fulani? Jibu liwe la maandishi. Ahadi ya mdomo ya wakala wa forodha kwamba "hapa hakuna shida, tunajuana" usiiweke hata kwenye daftari.

Hatua ya 4: mkataba

Ni fupi lakini usiiruke. Andika orodha ya iventi zinazokubalika, maabara gani itapima, sampuli itachukuliwa wapi, na nani anabeba hasara kibali kikifutwa au kikiisha meli ikiwa baharini. Mikataba mingi ya nafaka inasema ubora ni wa mwisho wakati wa kupakia, wauzaji wanaipenda sana hiyo sentensi, lakini ofisa wa mpakani hajasaini mkataba wenu, yeye atapima tena kwake na jibu lake ndo linalohesabika pale.

Hatua ya 5: kama ni ya kupanda, anza mwaka mmoja kabla

Mbegu ya kupandwa ndo yenye njia ndefu. Kwa mara ya kwanza iventi hiyo inapoingia nchi hiyo, lazima taarifa itangulie na nchi ikubali kabla mzigo haujaondoka. Taarifa inatakiwa iwe na jina na anwani za pande zote mbili, kodi, mmea uliobadilishwa na asili yake, jeni iliyowekwa inafanya nini, kiasi, matumizi, tathmini ya hatari, na namna ya kuihifadhi na kuitupa salama.

Nchi ina siku 90 kukujibu kwamba imepokea, na siku 270 tangu ilipopokea kutoa uamuzi: ndiyo, hapana, ndiyo kwa masharti, au tunahitaji taarifa zaidi, na wakiomba taarifa zaidi zile siku za kukungoja wewe hazihesabiwi. Ukimya si ruhusa, Itifaki imeandika hivyo wazi, siku 270 zikipita bila jibu bado huna kibali. Wala usije na hoja kwamba hawana ushahidi wa madhara, nchi inaruhusiwa kuchukua tahadhari hata pale sayansi haijawa na uhakika kamili, na inaruhusiwa pia kuangalia mambo ya kijamii na kiuchumi yanayotokana na athari kwenye bayoanuwai, ilimradi isivunje ahadi zake nyingine za kimataifa. Hiyo "ilimradi" ndo inatupeleka WTO, Shirika la Biashara Duniani, nitaifikia.

Mzigo wa maabara iliyofungwa na ule unaopita tu njia hauhitaji utaratibu huu, ila nchi unayopitia nayo ina haki ya kuweka masharti yake. Mzigo ukipakuliwa na kulala ghalani kwenye bandari ya njiani, waulize wenye bandari kabla, usiulize baada.

Hatua ya 6: kama ni ya kula, kulisha au kusindika

Hapa Itifaki ni laini zaidi. Nchi ikipitisha iventi itumike kwake, inatakiwa iwajulishe wenzake kupitia BCH ndani ya siku 15, na kila nchi nyingine inaamua kwa sheria yake ya ndani. Hakuna taarifa ya kila mzigo inayodaiwa na Itifaki yenyewe. Ila sheria za ndani zina mengi, kuna nchi zinataka kibali cha kila shehena, nyingine cheti cha usalama cha iventi, nyingine zinataka vyote pamoja na lebo. Ukishafanya hatua ya 3 vizuri hii unaimaliza asubuhi moja.

Hatua ya 7: maneno ya kuandika kwenye invoisi

Itifaki haikulazimishi karatasi maalumu, invoisi ya kawaida inatosha kama ina maneno yanayotakiwa, ila nchi yenyewe inaweza kuwa na fomu yake kwa hiyo angalia. Pia usitegemee namba za bidhaa za forodha zikusaidie, zile za kimataifa zinazoitwa HS hazitofautishi soya ya GMO na ya kawaida, zote zinaingia mstari mmoja, kwa hiyo taarifa lazima uiandike wewe.

Nafaka ya kula ambayo iventi zake zinajulikana kwa sababu ilitenganishwa tangu shambani, unaandika "ina". Ambayo imechanganywa na hujui kila kilichomo, unaandika "inaweza kuwa na". Mgawanyo huo walikubaliana Curitiba, Brazil, mwaka 2006. Mstari wenyewe ukae hivi:

"Mahindi ya njano, tani 500. Shehena inaweza kuwa na LMO kwa matumizi ya moja kwa moja kama chakula, malisho au kusindika. Haikukusudiwa kuachiwa kwenye mazingira. Iventi: (kodi zote). Mawasiliano zaidi: (jina, simu, imeili)."

Kwa mbegu ya kupanda unaongeza sifa za iventi, majina na anwani za muuzaji na mnunuzi, na tamko kwamba usafirishaji unafuata masharti ya Itifaki yanayomhusu muuzaji. Kwa mzigo wa maabara unataja wazi ni LMO, namna ya kuushika salama, na ni nani anaupokea.

Hiyo sehemu ya mawasiliano, tafadhali weka mtu anayepokea simu. Mpakani wakipiga mara mbili ikaita tu, mzigo unaenda kwenye foleni ya "wenye maswali" na kutoka huko ni kazi.

Hatua ya 8: sampuli na maabara

Watu wanachota kopo moja juu ya gunia la kwanza, wanapeleka maabara, wanarudi na karatasi "haijagundulika" na wanalala. Tufanye hesabu. Kama kwenye mzigo wako kuna punje 1 ya GMO kwenye kila 1,000, ukipima punje 200 una uwezekano wa kama asilimia 18 tu wa kuikuta hata moja. Ili ufike asilimia 95 unahitaji punje 3,000 hivi, ambazo kwa mahindi ni karibu kilo nzima, na zichotwe sehemu nyingi za mzigo, juu, katikati, chini, pembeni, au bora zaidi zichotwe nafaka ikiwa inatembea kwenye mkanda. Changanya zote, gawanya, moja iende maabara, moja ifungwe kwa lakiri ibaki kwako, moja kwa mnunuzi.

Vile vijiti vya kuchovya vinavyofanana na vya kupima mimba, vinapima protini, ni vya haraka na vinafaa getini kwa mkulima. Kwa kesi yenyewe unahitaji PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta DNA, na maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, uliza cheti kinahusu kipimo cha GMO kweli maana wengine ithibati yao ni ya kupima maji. Kwa kawaida wanaanza na kuchuja, wanatafuta vipande vya DNA vinavyotumika kwenye iventi nyingi kama 35S na NOS, vikionekana ndo wanaenda kwenye kipimo cha iventi yenyewe.

Na hapo kuna mtego mzuri. Ile 35S asili yake ni kirusi cha koliflawa, ambacho kinashambulia mimea ya jamii ya kabichi na haradali kwa njia ya kawaida kabisa bila mkono wa binadamu. Mzigo wa haradali ukiwa na huo ugonjwa unaweza kuwaka 35S na hauna GMO hata chembe. Kwa hiyo jibu la kuchuja peke yake lisikufanye umpigie mkulima kelele, omba kipimo cha iventi, na omba wapime na kirusi chenyewe.

Hatua ya 9: usichafue njiani

Hii nimelipia mwenyewe. Tulikuwa na mahindi ya kawaida, yamelimwa mahali ambapo hakuna GMO, yamepimwa ghalani, safi. Yamefika, wamepima, 35S imewaka. Mteja kanipigia simu kwa sauti ambayo sitaisahau. Tukaomba maabara iangalie ni zao gani, jibu likaja soya. Soya imetoka wapi kwenye mahindi? Tukafuatilia mpaka kwenye kontena, safari ya nyuma yake lilikuwa limebeba soya iliyosagwa, na aliyelisafisha alifagia katikati tu, vumbi limebaki kwenye yale mabonde ya ukuta na chini ya ubao wa sakafu karibu na mlango. Ukipitisha kidole linatoka la njano, laini kama unga wa kuoka. Gharama za kukaa bandarini tukagawana, nikajifunza.

Tangu hapo naomba historia ya mizigo mitatu ya nyuma ya kontena, lori au chumba cha meli, nafagia, napuliza kwa hewa, napiga picha pembe zote nne kabla ya kupakia, picha zenye tarehe. Mikanda ya kupakilia na mashine za kukoboa nazo zinahifadhi punje, ziache zitembee na nafaka kidogo unayoitupa kwanza.

Kama unaona nimezidisha, Agosti 2006 mchele wa LLRICE601, ambao wakati huo haukuwa na kibali popote, hata Marekani kwenyewe, ulikutwa kwa kiasi kidogo sana kwenye mchele mrefu wa kuuzwa wa Marekani. Ulaya wakadai kila mzigo upimwe, bei ikaanguka, na mwaka 2011 kampuni ya Bayer, wenye mchele huo, wakakubali kulipa wakulima mpaka dola milioni 750. Kiasi kidogo sana, narudia.

Hatua ya 10: lebo na asilimia

Asilimia unazozisikia, 0.9 na wenzake, zina maana moja tu: mchanganyiko wa bahati mbaya, wa iventi ambayo TAYARI ina kibali, ukiwa chini ya hapo huhitaji lebo. Hazifungui mlango kwa iventi isiyo na kibali, hiyo kwa nchi nyingi ni sifuri. Ulaya ni 0.9 kwa kila kiambato, Australia na New Zealand 1, Korea Kusini 3, Japani 5, Marekani kwenye sheria yao iliyoanza kuwa lazima Januari 2022 ni 5. Japani tangu Aprili 2023 ukitaka kuandika "si GMO" lazima isigundulike kabisa, ile 5 haikusaidii kwenye dai hilo. Mwaka 2011 Ulaya waliweka kijimlango cha 0.1 kwa chakula cha mifugo peke yake, kwa iventi ambazo ombi lake liko mezani au kibali chake kimeisha muda. Nyama, maziwa na mayai ya mnyama aliyekula GMO huko Ulaya hayahitaji lebo, watu wanabishana sana juu ya hilo ila ndo sheria.

Wale wa mazao yaliyohaririwa jeni, yasiyo na jeni ya kigeni, kaeni macho. Argentina tangu 2015 wanaangalia kila zao kivyake na mengi hayahesabiwi GMO. Mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ikasema yanahesabiwa. Na kipimo cha 35S hakiyaoni, kwa hiyo karatasi ya maabara isiyo na kitu haithibitishi chochote hapa, unategemea kumbukumbu za mbegu.

Hatua ya 11: ukishikwa

Kwanza omba sababu kwa maandishi: ni iventi isiyo na kibali, karatasi zina kasoro, au lebo? Dawa zake hazifanani. Kasoro ya karatasi unarekebisha. Lebo mara nyingi unabandika ukiwa chini ya ulinzi wa forodha. Iventi isiyo na kibali, una njia tatu, kurudisha, kuteketeza, au kupeleka nchi ya tatu yenye kibali kama wataruhusu, na kwa mwanachama wa Itifaki mzigo ulioingia kinyume cha sheria unaweza kurudishwa au kuteketezwa kwa gharama za upande ulikotoka. Omba sampuli ya pili ipimwe mbele ya mtu wako. Ile sampuli uliyoilakiri hatua ya 8 ndo inafanya kazi leo.

Halafu ndo watu wanasema "tutawapeleka WTO". Wewe huwezi, inashitaki serikali kwa serikali tu. Lakini kujua kilichomo kunasaidia kuandika barua yenye meno. Mkataba wa SPS, ule wa WTO unaohusu afya ya watu, wanyama na mimea, wa mwaka 1995, unataka masharti ya afya yawe na msingi wa kisayansi na tathmini ya hatari, unaruhusu hatua za muda pale ushahidi hautoshi, na unakataza ucheleweshaji usio na sababu. Tathmini yenyewe ikifuata miongozo ya Codex, ile tume ya FAO na WHO, ambayo kwa mimea ya GMO ilitoka 2003, nchi inakuwa imesimama pazuri. Kwenye lebo Codex walibishana miaka hawakukubaliana sharti moja, ndo maana asilimia zinatofautiana hivo.

Mei 2003 Marekani, Kanada na Argentina walishitaki Ulaya. Jopo la WTO mwaka 2006 likasema Ulaya ilisimamisha vibali kimyakimya kati ya Juni 1999 na Agosti 2003, na huko ni kuchelewesha kusiko halali, na kwamba marufuku za nchi sita za Ulaya hazikuwa na tathmini ya hatari inayokubalika. Lakini jopo halikusema GMO ni salama wala si salama, lilikataa kabisa kuingia huko, kwa hiyo ukiitumia hukumu hiyo kwenye barua usiandike kwamba WTO "walithibitisha usalama", mwanasheria wa upande wa pili ataicheka.

Sharti jipya likitangazwa na nchi, kawaida WTO inapewa taarifa na kunakuwa na siku 60 za kutoa maoni. Hapo mfanyabiashara anaweza kuongea kupitia dawati la SPS la serikali yake. Karibu hakuna anayefanya hivyo, halafu sharti likianza wote tunashangaa pamoja.

Mwisho weka faili. Ulaya wanataka kila mkono uliopitisha bidhaa ya GMO ukae na kumbukumbu za aliyempa na aliyempelekea kwa miaka 5, na mimi nafanya hivyo hata kwa nchi zisizodai: kodi, barua ya mamlaka, ripoti ya maabara, picha za kontena, na mfuko wa sampuli umekauka vizuri, lakiri haijaguswa, namba ya mzigo imeandikwa kwa kalamu isiyofutika, maana ile ya kawaida kwenye plastiki inafutika miezi sita tu na unabaki na mfuko wa mahindi yasiyo na jina.